Siku moja na dereva kisiwani: panga masaa kwanza, sehemu baadae

Nianze na kosa tulilofanya sisi ili wewe usilirudie. Mara ya kwanza kwenda kisiwani tulikuwa watu watano, tukakodi gari na dereva wa siku nzima, usiku wake tukakaa na simu tunaokota kila sehemu yenye picha nzuri mpaka zikafika nane, tukamtumia dereva orodha na yeye akajibu "sawa". Sehemu sita tulifika. Lakini fungu la mchanga tulilolifuata kwa hamu tulilikuta limeshafunikwa na maji, mlimani tulifika saa saba mchana wingu limekaa mpaka chini huoni hata mti wa pili, na jioni dereva akatukumbusha kwa upole kwamba masaa tuliyokubaliana yamepita na kila saa ya ziada ina hela yake, kitu ambacho hatukuwahi kumuuliza. Hakuna aliyetuibia wala kutudanganya, ni sisi tulipanga sehemu bila kupanga masaa.

Tangu siku hiyo naanza na masaa. Swali la kwanza sio "twende wapi", swali la kwanza ni saa ngapi bahari inakuwaje, saa ngapi mlima unaonekana, jua linazama saa ngapi na upande gani, na dereva ana masaa mangapi. Ukishapata hayo majibu sehemu zinajipanga zenyewe, na nyingi utazitoa bila uchungu.

Jua ndio rahisi kuanza nalo. Visiwa vilivyo karibu na ikweta mchana ni masaa 12 na dakika chache mwaka mzima, kwa hiyo ukitoka hotelini saa nne asubuhi umeshapoteza theluthi ya siku na hakuna mwezi wa kukurudishia. Ukisogea mbali na ikweta mambo yanabadilika kidogo, mfano Mauritius ambayo iko kama digrii 20 kusini, mwezi wa 6 mchana ni kama masaa 11 tu na mwezi wa 12 unapita 13 kidogo, hiyo tofauti ya masaa mawili ni sehemu moja nzima ya kutembelea. Halafu jua likizama huku kwenye ukanda wa joto giza linaingia haraka, dakika 20 na kitu unakuwa huoni njia vizuri, kwa hiyo usipange kushuka njia ya mawe kutoka kwenye maporomoko wakati huo ukidhani kuna jioni ndefu.

Cha pili ni bahari, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea kwa sababu picha hazisemi zilipigwa saa ngapi. Sehemu nyingi maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kutoka kujaa mpaka kupwa ni masaa 6 na dakika kama 12, na kila siku ratiba inasogea mbele kwa dakika kama 50. Maana yake fungu ambalo rafiki yako alitembea juu yake Jumatatu saa nne asubuhi, wewe ukienda Jumatatu inayofuata saa hiyo hiyo unaweza kukuta maji yamejaa. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu na siku mbili tatu baada yake, maji yanapwa mbali sana na yanajaa juu sana, siku za maji mafu tofauti inakuwa ndogo. Kwa hiyo kama unataka kuona mafungu na kutembea kwenye mwamba tafuta bamvua, kama unataka kuogelea upande wenye ufukwe wa kina kifupi angalia maji yatajaa saa ngapi, maana yakipwa unaweza kutembea mpaka uchoke na bado maji ni ya magotini. Hekalu la Tanah Lot kule Bali limekaa juu ya mwamba baharini, maji yakipwa watu wanatembea mpaka chini yake, yakijaa mnaliangalia kutoka nchi kavu, gari lile lile dereva yule yule ila siku mbili tofauti kabisa. Kuna sehemu bahari haisumbui, visiwa vingi vya Karibi maji yanapanda na kushuka chini ya mita moja, na Tahiti ni ya kipekee kabisa kwa sababu maji huko yanafuata zaidi jua kuliko mwezi, yanajaa karibu na saa sita mchana na saa sita usiku kila siku. Jedwali la maji lipo bure kwenye intaneti, andika jina la bandari iliyo karibu na unapokwenda na tarehe yako, dakika mbili umemaliza.

Mlima na yenyewe ina saa zake. Asubuhi hewa imetulia na kilele kiko wazi, jua likishapanda hewa yenye unyevu inapanda na ubavu wa mlima na kugeuka wingu, ikifika saa tano sita unaangalia weupe tu. Kisiwa cha Réunion kuna sehemu inaitwa Piton Maïdo, mita kama 2,200 juu ya bahari, unaangalia chini kwenye bonde la Mafate ambalo halina barabara, watu wanaoishi mle wanafikiwa kwa miguu au helikopta. Wanaojua hiyo sehemu wanatoka alfajiri na saa nne wanashuka, wakati mabasi ndio kwanza yanapanda. Kanuni yangu ni hiyo hiyo kisiwa chochote chenye mlima, mlima kwanza, bahari baadae, isipokuwa jedwali la maji likikataa.

Halafu kuna upande. Visiwa vya milima vilivyo kwenye njia ya pepo zinazovuma kutoka mashariki vina upande wa kijani wenye mvua na upande mkavu. Kisiwa kikubwa cha Hawaii ndio mfano mzuri, mji wa Hilo mashariki unapata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka na upande wa Kona magharibi ni kukavu, na mji kwa mji unaendesha kwa masaa yasiyofika mawili. Kwa hiyo mvua ikikukuta asubuhi usighairi siku, muulize dereva upande wa pili kukoje, yeye ana ndugu na wenzake kila kona na simu moja inatosha.

Sasa barabara. Kilomita za kisiwani usizihesabu kama za barabara kuu. Njia ya kwenda Hana kwenye kisiwa cha Maui, hapo hapo Hawaii, haifiki kilomita 100 lakini ina kona zaidi ya 600 na madaraja 59, mengi ya gari moja moja, unakwenda masaa mawili na nusu bila kusimama, na hakuna mtu anayekwenda bila kusimama. Ile ya kupanda mji mdogo wa Cilaos kule Réunion wanaiita njia ya kona 400 na haifiki kilomita 40. Mimi nachukua muda unaosema ramani ya simu naongeza theluthi, halafu najumlisha, na jumla ya kukaa kwenye gari ikizidi masaa manne kwa siku ya masaa tisa natoa sehemu moja hata kama naipenda. Sehemu kubwa tatu na ndogo moja au mbili njiani zinatosha. Najua unaona chache, ila kila kituo kina kushuka, choo, tiketi, picha, mtoto kaangusha kiatu, kurudi garini, hapo dakika 20 zimeisha kabla hujaona kitu.

Nikupe mfano mmoja uone inavyokaa, kusini magharibi mwa Mauritius. Unatoka 07:30, wa kwanza ni Ganga Talao, ziwa ambalo ni takatifu kwa Wahindu, liko juu kwenye nyanda za kati na asubuhi kumetulia, kuna sanamu ya Shiva ya mita 33 utaiona kabla hujafika. Pale ni sehemu ya ibada sio bustani ya picha, mabega na magoti yafunikwe. Kutoka pale unapita juu ya mabonde ya Black River, unasimama dakika 20 kuangalia, saa tano tano uko Chamarel kwenye maporomoko na ile ardhi ya rangi saba, unakula huko huko, mchana unashuka pwani ya magharibi mpaka Le Morne. Ule mlima una mita 556 na watumwa waliotoroka walijificha juu yake, UNESCO wakauingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2008, na mimi nasema usiufanye kuwa ukuta wa nyuma wa selfi tu, muombe dereva akusimulie anachojua kabla hujavua viatu kuingia majini. Jua linazama hapo hapo upande wa bahari, hamna haja ya kukimbilia kwingine. Mlima kwanza, pwani jioni, gari linateremka muda wote na hakuna njia mnayopita mara mbili. Mji mkuu Port Louis na Aapravasi Ghat, pale walipopokelewa vibarua kutoka India, ziko upande mwingine, ni siku nyingine, usizibandike mwishoni.

Angalia pia kalenda ya watu wa huko. Bali siku ya Nyepi, mara nyingi mwezi wa 3, kisiwa kizima kinakaa kimya masaa 24, hakuna gari barabarani, hata uwanja wa ndege unafungwa. Sri Lanka kila mwezi mpevu ni sikukuu, mahekalu yanajaa na pombe haiuzwi. Tonga Jumapili karibu kila kitu kimefungwa. Na hiyo Ganga Talao niliyoitaja, wakati wa Maha Shivaratri, sikukuu ya Wahindu ya Shiva, mwezi wa 2 au wa 3, mahujaji wanaenda kwa mguu kwa maelfu na barabara zinajaa. Kama unakuja kwa heshima ni siku nzuri sana kuona, kama ulikuwa na ratiba ya vituo vitano haitawezekana. Sehemu zingine zinataka bukingi, mfano kilele cha Haleakalā huko Maui, magari binafsi yanayoingia kuangalia jua likichomoza, kati ya saa tisa usiku na saa moja asubuhi, lazima yawe yamebuku mapema. Dereva mzuri atakwambia mwenyewe, ila usimuachie yeye peke yake.

Tukija kwa dereva mwenyewe. Tafuta aliyesajiliwa kubeba abiria kwa malipo, sio mtu mwenye gari tu, kwa sababu ya bima. Gari la kawaida likipata ajali na abiria wanaolipa ndani yake bima nyingi zinajitoa na mnabaki wenyewe. Muulize bila aibu, leseni ya kubeba abiria ipo, bima inahusu abiria, mikanda ya viti vya nyuma inafanya kazi, kiti cha mtoto kipo. Muulize kama yeye ndiye atakayeendesha au atamtuma mwingine. Namna anavyojibu inakwambia mengi kuliko nyota za kwenye apu, anayekuuliza "mna mtu mzima asiyepanda ngazi?" au anayekwambia "hiyo na hiyo haziwezekani siku moja" mshike huyo huyo, anayesema ndiyo kwa kila kitu endelea kutafuta.

Meseji ya kwanza iandike vizuri maana ndio mkataba wenu, isiwe ndefu. Yangu inakuwa hivi: "Habari, tuko watu watano, wakubwa wanne na mtoto wa miaka 4, mama ana miaka 70 ngazi nyingi hawezi. Tarehe 14, kuanzia 07:30 mpaka 16:30, mnatuchukua na kuturudisha hoteli ile ile. Tunataka mlimani asubuhi, chakula, halafu ufukwe maji yakiwa yamejaa. Bei ya gari zima ni ngapi, ndani yake kuna mafuta, maegesho na tozo za barabara? Viingilio ni vyetu? Saa ya ziada ni kiasi gani? Hatuhitaji kupitishwa madukani." Akijibu yote kwa maandishi siku ya safari hamna ubishi, na simu ikipotea mwenzako awe na hiyo meseji pia.

Umeona nimeandika 07:30 sio saa moja na nusu. Hili ni letu sisi tunaosema Kiswahili, kichwani saa mbili ni saa mbili asubuhi, mwenzako anayeongea Kiingereza ukimwambia "two" anakuja saa nane mchana. Rafiki yangu alikaa uani na mabegi kuanzia asubuhi kwa sababu ya neno moja hilo. Andika kwa masaa 24 siku zote, na ukiongea kwenye simu rudia kwa kuandika.

Bei sikutajii kwa sababu kila kisiwa na yake, ila uliza bei ya gari sio ya kichwa, watano kwenye gari moja hawatumii mafuta mara tano. Uliza hotelini, uliza madereva wawili watatu, utaona zinakaa sehemu moja, na ile iliyo chini sana ya wenzake ina sababu, mara nyingi sababu ni kamisheni. Duka la viungo au vinyago linamlipa dereva kwa kila mgeni anayenunua, kwa hiyo siku yako inakatwa dakika 40 hapa, dakika 40 pale. Sio dhambi, wengine wanapenda hayo maduka, ila ijulikane mapema. Mimi bora nilipe zaidi kidogo siku iwe yangu. Advansi toa ndogo tu ya kushika tarehe na upate risiti au meseji ya kukiri, iliyobaki jioni.

Na yeye ni binadamu, hili nalisema kwa moyo wote. Kama amekuchukua saa tisa usiku kwenda kuona jua linachomoza usitake awe barabarani na wewe mpaka saa mbili usiku, usingizi kwenye kona za mlimani unaua. Panga siku ya kuchomoza iishie mchana, au uwe na dereva wa pili. Muulize anakula wapi na saa ngapi, mkaribishe mezani, akikataa usimlazimishe maana wengine wanataka nusu saa yao peke yao, ila pesa ya chakula cha dereva iwe imeshajulikana iko kwa nani. Na anayefunga au anayeswali mpe dakika zake bila kuombwa.

Kuna jambo moja la afya ambalo madereva wengi hawalijui na wageni ndio kabisa. Kama umepiga mbizi na mtungi wa hewa jana jioni, usipande mlima mrefu leo asubuhi. Nitrojeni bado iko mwilini, ukipanda juu ambako hewa ni nyepesi inatoka kama viputo na inaweza kukulemaza, ni ile ile sababu ya kukatazwa ndege. Wazamiaji wanashauriwa kusubiri masaa 18 au zaidi baada ya kuzama mara kadhaa, na Haleakalā gari linafika mita 3,055, hizo sio mita za kucheza nazo. Kwa hiyo mlima uje kabla ya mbizi, na ukishaweka mbizi kwenye ratiba siku ya gari iwe ya pwani. Kupiga mbizi ya miwani na mrija juu juu haina shida hiyo.

Anayetapika garini akae mbele, dawa ya kichefuchefu anywe nusu saa mpaka saa nzima kabla ya kona sio katikati ya kona, na asikae anaangalia simu. Maporomoko ukiwa umeingia majini na ukaona maji yamebadilika rangi au yanaleta majani na vijiti, toka hapo hapo, mvua imenyesha juu hata kama kichwani kwako kuna jua. Losheni ya jua angalia imetengenezwa na nini, Palau tangu 2020 na Hawaii tangu 2021 kuna aina zimepigwa marufuku kwa sababu zinadhuru matumbawe, shati la mikono mirefu linamaliza hiyo kesi lote. Begi la siku liwe na maji, taulo, nguo kavu, sweta kama kuna mlima, kanga moja ambayo ni shuka, pazia la kubadilishia nguo, kifuniko cha mabega hekaluni na kitandiko cha mtoto akilala, noti ndogo ndogo za viingilio, chaja ya gari. Ramani ya kisiwa ishushe kwenye simu kabla, bondeni data inapotea.

Usiku wa kuamkia angalia mambo matatu tu, hali ya hewa, jedwali la maji, na meseji ya dereva kuthibitisha. Kama siku hiyo hiyo una ndege jioni anza na sehemu ya mbali kabisa na uwanja umalizie ya karibu, mabegi yote ndani ya gari, na gari lisiachwe bila mtu. Kama umekuja na meli muulize mhudumu saa ya meli ni ile ya nchi kavu au wana yao, na uwe bandarini saa moja au mbili kabla.

Asubuhi mkikutana mpe dakika tano mpitie njia pamoja kabla hajawasha gari, mwambie kipi ni cha lazima na kipi kinaweza kukatwa. Hicho cha kukatwa kichagueni hapo hapo mkiwa hamjachoka, maana saa tisa mchana kwenye joto familia haikubaliani hata juu ya maji ya kunywa. Na akikwambia "kuna sehemu hapa mbele haiko kwenye orodha yako, dakika kumi tu", mara moja kwa siku mkubalie. Sisi kwa namna hiyo tulikaa kwenye gati dogo la wavuvi wanapanga nyavu, hakuna kiingilio wala kibao, na watoto waliongelea hilo gati mpaka tunarudi nyumbani.

Jioni lipa kilichobaki ndani ya gari sio mbele ya mapokezi ya hoteli, bakshishi iweke peke yake ajue ni yake, kama ameongeza saa kwa sababu yenu mlipe kama mlivyoandikiana bila kusubiri akumbushe. Omba namba yake na muulize kama unaweza kumpa mwenzako. Halafu kabla hajaondoka inama uangalie chini ya viti na ule mfuko wa nyuma ya kiti, miwani, chaja na kandambili za mtoto huwa ziko hapo.